Mzigo Unaobebeka Mgongoni

6 Machi

Kwako Dada,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu mke wangu, halafu wale wasichana wangu wawili wanaomaliza mkate wako. Huku sisi wazima. Mama mzima kutushinda wote. Kilichozeeka kwake ni magoti. Mdomo bado kijana.

Habari njema ni fupi, acha niimalize. Mji bado unapata maji. Pampu ya pili imekufa kabisa, na ya kwanza inaishi kwa vipuri vya marehemu mwenzake. Wafanyakazi wengine wa mitambo wameondoka mmoja mmoja, kila mtu akisema anakwenda kuwaangalia wazazi. Tumebaki mimi na mzee wa bohari, yule Grisi, aliyekuja kwenye harusi yangu na ovaroli. Siku hizi tunaishi kama mtu na mkewe. Tunanuniana kwa sababu ya spana.

Sasa lililonifanya nikae chini niandike. Mama alikuwa amekubali kuondoka. Usiniulize nimembembeleza kiasi gani. Basi haliji tena mpaka huku, linaishia ng'ambo ya daraja, na kutoka nyumbani mpaka darajani ni mwendo wa asubuhi nzima kwa mtu mwenye miguu yake. Kwa hiyo niliazima toroli kwa wajenzi, nikalisugua, nikaweka mto. Mama akalizunguka mara mbili, akasema, "Hili ni la kubebea kokoto." Nikamwambia, "Ndiyo mama, lakini leo limepandishwa cheo." Akacheka. Mtu akicheka ujue amekubali. Akafunga sanduku lake.

Jioni ile ikaja sauti yako redioni. Mama aliwaita majirani waje wamsikilize mwanawe. Ulikuwa unasimulia ile ya baba, ya mji wenye ukuta, zama zile za wapanda farasi na mikuki. Tukafurahi, maana tuliijua neno kwa neno. Jeshi limeuzingira mji, visima vinakauka, watu wanakula ngozi za viatu. Halafu mkuu wa jeshi anatangaza kwamba wanaume wote watauawa, lakini wanawake watafunguliwa lango watoke salama, kila mmoja na mzigo anaoweza kuubeba mgongoni. Mimi nilikwisha anza kutabasamu, nikingoja wanawake watoke wamewabeba waume zao.

Dada, ule mwisho uliousoma umeutoa wapi? Eti wanawake walitazamana, wakakataa kutoka, wakafunga lango wenyewe na kupanda ukutani na mawe?

Mama alizima redio. Halafu akafungua sanduku, akaanza kutundika nguo zake moja moja. "Wale hawakuondoka," akasema. "Mimi ni nani?" Nikamkumbusha mwisho wa baba. Akaniambia, "Kitabu cha baba yenu hakikuwa na kurasa za mwisho. Panya walizila kabla sijaolewa. Siku zote nilijua anajitungia. Dada yako yuko redioni, wao wana kitabu kizima." Nikasema, "Mama, si wewe unayesema redio inadanganya?" Akasema, "Habari zinadanganya. Hadithi ina sababu gani ya kudanganya?"

Nilikuwa nimechoka. Mwandikie, tafadhali. Mwambie ukweli wa mwisho ule ili afunge tena hilo sanduku. Watu wanaopita hapa wanasema barabara ya darajani haitakaa wazi muda mrefu.

Mdogo wako,
Fundi

30 Machi

Fundi wangu,

Barua yako imefika jana, imefunguliwa na kufungwa tena kwa gundi mbaya. Basi nakusalimu wewe, namsalimu mama, namsalimu Grisi. Na wewe ndugu unayetusomea barua zetu kabla hatujazisoma, salamu zako nawe. Lazima macho yanakuuma.

Huku tunabanana. Mkeo na wasichana wanalala kitandani kwangu, mimi nalala kwenye kochi ambalo lina shimo pale pale panapokaa kiuno. Wifi yangu amepanga upya jiko langu lote. Sasa nikitaka chumvi ndani ya nyumba yangu mwenyewe, naomba. Sijalalamika, maana akipanga vyombo halii. Binti yako mkubwa anasoma vizuri. Mdogo anachora pampu. Amechora pampu yenye miguu, nikamuuliza inakwenda wapi, akasema inakuja huku.

Kuhusu mwisho wa hadithi. Hapa kituoni hakuna kitabu, Fundi. Hakuna kizima wala kilicholiwa. Nilipoagizwa nisimulie jambo la kale la kuwapa watu moyo, niliandika ile ya baba kutoka kichwani, na mwisho wake wa baba. Nikampelekea msimamizi wangu, tunayemwita Mkasi. Alisoma, akacheka mahali pa kucheka, halafu alipofika langoni akatoa kalamu. "Wakati huu," akaniambia, "hatuwezi kuwapa watu hadithi ambayo mji unaachwa tupu na kila mtu anafurahi." Mwisho ule wa mawe ni wake. Aliuandika mbele yangu, nikiwa nimesimama na kikombe cha chai mkononi. Wala si mtu mbaya. Ana kijana wake huko mstari wa mbele, na tangu kijana aondoke Mkasi hagusi chakula cha mchana. Nadhani anaamini kwamba wanawake wote wakikaa ukutani, kijana wake hatakuwa peke yake.

Nami nikausoma. Ndiyo kazi yangu, kusoma. Sikuwaza kwamba mama yangu atakuwa upande wa pili na sanduku limefungwa.

Mwambie hivi: mwisho wa kweli ni wa baba, hata kama panya ndio waliomlazimisha kuutunga. Mkumbushe yule mjane wa mwoka mikate, anayetoka langoni wa mwisho kabisa. Hana mume, kwa hiyo amembeba mwanawe, mtu mzima, mrefu kumpita, miguu yake inaburuzika vumbini. Wewe kila mara ulikuwa unauliza, "Mama, na mimi ungenibeba?" Naye alikuwa anakujibu, "Wewe na mifupa hiyo? Ningekubeba na kikapu juu yako." Mwambie aondoke. Mwambie nimesema mimi.

Dada yako

19 Aprili

Dada,

Pokea salamu zetu. Mwandiko huu ulivyolala usikushangaze. Kalamu ni ya Grisi na ina tabia za mwenyewe.

Barua yako imefika imepakwa wino mweusi ukurasa mzima wa katikati. Kilichobaki ni wewe kunyimwa chumvi, pampu yenye miguu, na mjane wa mwoka mikate. Ya pampu nimeisoma mara nyingi. Hayo mengine uliyoyaandika sikuyaona hata nilipoinua karatasi juani.

Nilimsomea mama. Nilipofika kwenye "mwambie nimesema mimi" akanikazia macho. "Haya umeyatunga," akasema. "Mwanangu haandiki barua yenye matope." Nikamwapia. Akasema, "Kama kweli ana neno, aliseme palepale alipolisema la kwanza." Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la mama linasikia redio tu.

Na si mama peke yake, Dada, hilo ndilo linalonichosha. Nikifungua maji asubuhi, wanawake wakijipanga bombani, nawasikia. "Sisi ni wa ukutani." Wanasema kwa utani, huku wamebeba ndoo. Lakini jirani yetu mshonaji, ambaye alikuwa na lori la shemeji yake la kumtoa yeye na watoto, ameliacha lori likaondoka bila yeye. Ulivyosoma ile hadithi, ulisoma vizuri. Hilo ndilo kosa lako.

Jingine. Darajani wameweka kizuizi. Wanaume wasiofikisha miaka hamsini hawavuki. Wanaovuka ni wanawake, watoto na wazee, na mzigo wa kubeba tu. Kwa hiyo mpango ni kumfikisha mama kizuizini, watu wema watamalizia. Mimi nitarudi kwenye mashine. Hata bila kizuizi ningerudi. Nikiondoka mimi, Grisi hawezi kuivuta pampu peke yake, na watu hawa wa ukutani watakunywa nini? Usimwambie mke wangu habari ya kizuizi. Nitamwambia mwenyewe nikipata maneno.

Paa la nyumba ya pampu lilitikisika kidogo wiki iliyopita. Tumeshaziba.

Nikisikia sauti yako redioni mwili unalegea, kama tulivyokuwa tukisikia funguo za baba mlangoni. Hata ukiwa unasoma upuuzi.

Fundi

10 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kwa mama. Wasichana wazima, wamekuwa warefu, nguo zimekuwa fupi. Mkeo sijamwambia. Lakini ameacha kuniuliza utakuja lini, na sijui kama kuacha kuuliza si ndiko kujua.

Sikuulizi kuhusu mwandiko wala paa. Nimeona tu kwamba umeandika neno "kidogo".

Nimechoka, Fundi. Nasema tu, sitaki unionee huruma. Ninaposhuka ngazi za kituo jioni nasimama katikati nikishika ukuta, na wanaonipita hawaniulizi kitu, kwa sababu nao wana ngazi zao za kusimamia. Katika korido ya watu wa habari kuna mambo yanasemwa kwa sauti ndogo, na nikitokea yanakoma. Jina la mji wenu linatajwa humo. Siwezi kukuandikia zaidi ya hapo. Nakuomba tu, mwezi huu usiishe mama akiwa huko.

Ukubwa ni jalala, walisema wazee, na mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa. Basi nilikwenda kwa Mkasi nikamwambia wasikilizaji wanaomba ile hadithi ya ukuta irudiwe. Akafurahi. Akasema irudiwe yote, Alhamisi ya mwisho ya mwezi. Kanda zimekwisha, kwa hiyo tunasoma moja kwa moja hewani, hakuna kurekodi. Alinipa karatasi zilezile zenye kalamu yake. Nilizichukua nikasema ahsante.

Maji nimeyavulia nguo. Mwambie mama awashe redio Alhamisi hiyo. Kama ameapa kuisikiliza hadithi tu, basi aje aisikilize mpaka mwisho.

Na kama barua hii nayo itapakwa wino, ndugu msomaji wetu, nakuomba uache huo mstari mmoja wa Alhamisi. Nawe una mama.

Dada yako

3 Juni

Dada,

Barua hii inavuka na muuguzi mmoja, ataificha kwenye soksi, kwa hiyo haitakuwa na madoa. Sijapata neno lako tangu Aprili. Sasa nadhani uliandika, na nadhani najua uliandika nini.

Nianze na salamu? Mama atakuwa amekwisha kukusalimia mwenyewe. Ameondoka.

Alhamisi ile hatukujua lolote. Mama alikuwa anachambua maharage, redio iko juu ya meza, betri zinakata roho. Ukaanza. Mama akasema, "Hii tena," lakini akasogeza kiti. Majirani hawakuja, wengi hawapo, isipokuwa mshonaji na watoto wake. Ukafika kwa mkuu wa jeshi, ukafika langoni, ukasema wanawake walitazamana. Halafu ukanyamaza. Nilidhani wamekukata. Mshonaji alinyanyua redio akaitikisa.

Ndipo ukasema, "Wakainama." Ukawatoa mmoja mmoja, kama baba: mke wa fundi chuma na mumewe mnene, wanapumzika kila hatua, bibi arusi ambaye hajawahi kubeba hata ndoo, na mjane wa mwoka mikate nyuma yao wote, na mwanawe mrefu, na miguu vumbini. Na askari wale wa mikuki wakashindwa kusema neno, kwa sababu waliruhusu mzigo, na mzigo ni ule mtu anaoona hawezi kuuacha. Halafu ukasema kwa sauti yako ya nyumbani, si ile ya redio, "Kitabu cha baba yangu hakikuwa na kurasa za mwisho. Huu ndio mwisho wake, na sijui mwingine. Ule niliowasomea mara ya kwanza haukuwa wake. Mama, beb—" Ikaja muziki wa gwaride.

Mama aliyasukuma maharage yake kando. "Sasa amesema palepale," akasema. "Lete hilo toroli la kokoto." Mshonaji alikwisha simama kwenda kufunga mizigo yake.

Tuliondoka alfajiri. Njia nzima mama ananielekeza mashimo, kana kwamba ni yeye anayesukuma. Nilikuwa nasukuma kwa mkono mmoja na kifua. Huo mkono mwingine atakueleza, nimechoka kuuficha na yeye hajui kuficha.

Darajani foleni ilikuwa ndefu na kimya. Tulipofika kizuizini askari mmoja akatangaza, na nadhani alikuwa ametangaza hivyo tangu asubuhi mpaka maneno yamemchosha, "Wanawake, watoto, wazee. Mzigo ni ule unaobebeka mgongoni."

Mama aliinua kichwa. Akaniambia nimshushe. Nikamshusha. Akaweka sanduku chini, akanipa mgongo, akainama akishika magoti yake.

"Panda."

"Mama, acha. Watu wanatazama."

"Watazame. Nimesema panda. Mkono mmoja unatosha kushika shingo."

Dada, ningefanya nini? Nimwache ameinama mbele ya watu wote wale? Nilipanda. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, nikapanda mgongoni kwa mama yangu, nikijitahidi kusimamia vidole vya miguu ili nisimlemee, naye akanigombeza, "Usinisaidie!" Akatembea. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini huyu hakuwa wa mwenzie, alikuwa wake, na nilimsikia magoti yakilia. Hakuna aliyecheka. Nilitaka mtu acheke. Tukafika kwenye mti wa kizuizi, tukaupita, tukapita na kibanda cha walinzi, na hakuna aliyetugusa. Niliona mto chini kupitia nafasi za mbao. Nikaanza kuamini, Dada. Kwa muda ule mfupi niliona kama nitawaona wasichana wangu.

Halafu magoti yakakataa. Tulianguka pamoja, taratibu, akanishikilia mpaka chini.

Yule askari alikuja. Hakunifokea wala hakuninyooshea bunduki. Alimwambia, "Mama, umembeba. Nimeona. Lakini huyu abaki." Akaenda kulileta toroli mwenyewe, akamweka mama ndani, akaweka sanduku juu ya mapaja yake, akaanza kulisukuma kwenda ng'ambo. Mshonaji na watoto wake walifuata nyuma. Mama hakugeuka. Alikuwa anazungumza na yule askari, mkono wake mmoja hewani. Nadhani alikuwa anamsimulia.

Nilirudi kwa miguu. Grisi alikuwa ameniwekea chai, imepoa. Tuliwasha pampu, na jioni maji yakatoka, ingawa bombani walikuja watu wachache sana. Hilo ni lako, Dada. Wengine walikusikia wakaondoka.

Mwambie mke wangu kila kitu. Maneno sikuyapata.

Fundi

28 Juni

Fundi wangu,

Mama amefika. Nianze na hilo maana ndilo salamu yenyewe. Alifika juu ya lori la viazi, amekaa mbele na dereva, sanduku magotini, akilalamika kwamba dereva hajui kupita mashimo. Magoti yamevimba kama vibuyu, daktari ameyafunga. Analala kitandani na wasichana. Mkeo amehamia kwenye kochi, mimi niko sakafuni, na chumvi sasa inafichwa na watu wawili tofauti. Barua yako ya soksi imefika siku nne baada yake.

Mkono. Kwa hiyo ile kalamu ya Grisi ilikuwa ni mkono wa kushoto, na paa "lilitikisika kidogo" juu ya mkono wa kulia. Nimekaa nayo tu hiyo.

Mimi sisomi tena redioni. Nimehamishiwa stoo ya kanda za zamani, chumba kisicho na dirisha, nafuta vumbi kwenye sauti za watu waliokufa. Nilitegemea mabaya zaidi. Mkasi ndiye aliyeandika ripoti, akaandika kwamba mitambo ilileta hitilafu. Juzi alishuka stoo, akasimama mlangoni, akazungukazunguka maneno. Mwishowe akaniuliza, "Yule kijana mrefu wa mjane. Katika hadithi ya baba yako, alifika?" Nikamwambia alifika. Akaitikia kwa kichwa akapanda ngazi. Kijana wake hajaandika tangu Machi.

Mkeo nimemwambia kila kitu, kama ulivyoagiza. Alisikiliza mpaka mwisho akaenda kupanga vyombo. Alivipanga mpaka giza.

Sasa nikueleze kuhusu mama, kwa sababu hili siwezi kumwambia mtu mwingine. Siku aliyofika, jirani wa chini alimsaidia kupanda ngazi, akamuuliza amevukaje na magoti haya. Mama akamwambia, "Nimevuka nimembeba mwanangu mgongoni." Nilidhani ni uchovu. Kesho yake akamsimulia daktari. Kesho kutwa yake akawasimulia wanawake wanaofua uani, na amewasimulia vizuri, Fundi, kumshinda baba, kunishinda mimi: askari anatangaza, yeye anainama, wewe unasema watu wanatazama. Kila neno ni lile lile uliloliandika, mpaka kwenye kibanda cha walinzi. Kuanzia hapo magoti yake hayaanguki. Anaendelea kutembea. Anakubeba mpaka ng'ambo, anakushusha kwenye majani, anakufuta vumbi miguuni.

Binti yako mdogo alimuuliza, "Sasa baba yuko wapi?" Mama akamjibu bila kusita, "Amerudi kazini. Watu wanataka maji." Mtoto akaridhika. Mkeo alitoka nje.

Sikumsahihisha. Nilisahihisha mwisho wa hadithi mara moja nikapelekwa stoo. Mara hii sijui ningepelekwa wapi. Na kila anapoisimulia namtazama usoni nione kama anajua. Jana nimeona. Anajua. Aliponiona namtazama alisema tu, "Hadithi ya baba yenu nayo ilikosa kurasa," akaendelea kukunja nguo za wasichana.

Leo, kabla sijaimaliza barua hii, nimekwenda posta na bahasha yake. Karani aliposoma jina la mji wenu juu ya bahasha aliiweka chini, akaniambia mifuko ya huko hairudi. Nikamwambia naituma hivyo hivyo. Akagonga muhuri, akanirudishia bila kunitazama. Redioni hawautaji tena mji huo, hata kwenye habari za hali ya hewa.

Mwambie Grisi azime pampu. Wale wachache kama wapo waondoke nawe, na kama hawapo basi huna mtu wa kumpa maji. Sijali utavukaje: kwa daraja, kwa mto, kwa mgongo wa nani. Mama yetu hajawahi kusema uongo maisha yake yote, unajua mwenyewe, alitukosesha marafiki kwa hilo. Sasa ameuambia mtaa mzima kwamba umevuka. Njoo basi, Fundi. Usimfanye mama mwongo uzeeni.

Dada yako